Aliyevusha Kulungu wa DeSoto

Simu ilipolia, Lydiah alikuwa jikoni kwake Pearland, Texas, akipiga pasi sare yake ya uuguzi. Aliona ni Ndeshi, mke wa kaka yake, akaanza kwa utani kama ilivyo desturi yao.

"Wifi, asubuhi yote hii? Au kaka yangu amekunyima chai?"

Ndeshi hakucheka. "Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

"Zima pasi, wifi. Kaa chini."

Maneno kama hayo Lydiah mwenyewe alikuwa amewaambia ndugu wa wagonjwa mara nyingi hospitalini, kwa hiyo alijua. Pasi aliizima, kukaa hakukaa. Ndeshi alimwambia kwamba Kimutai amegongwa na gari mbele ya nyumba yao, alfajiri, aliporudi kutoka shifti ya usiku. Amefia palepale.

"Alikuwa anawavusha wale kulungu wake," alisema, na kilio kikammeza.

Lydiah hakuuliza kulungu gani. Aliwajua. Kaka yake hakuwa na habari nyingine tangu msitu ulipokatwa.

Kimutai alizaliwa Nandi, na alichunga ng'ombe wa baba yao tangu alipoweza kuinua fimbo. Kwao mchungaji akifika barabarani huingia katikati, huinua fimbo yake juu, na gari husimama, liwe la chifu au la majani chai, mpaka ndama wa mwisho avuke. Alipokuja Texas akapata kazi ya kuendesha mashine ya kupakia mizigo katika godauni moja kusini mwa Dallas. Baadaye alinunua nyumba DeSoto, si kwa uzuri wake, maana paa lilivuja, bali kwa miti mikubwa iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na kijito ndani yake. "Hapa napata usingizi," alisema.

Kisha matingatinga yakaja. Miti ikalazwa chini, kijito kikaingizwa kwenye bomba, na kuta nyeupe za magodauni mapya zikasimama. Kulungu walibaki na kipande chembamba cha vichaka nyuma ya uzio. Njaa ikawatoa. Walikula maua ya majirani, wakanywa maji ya mbwa, Jumapili moja wakakutwa wamesimama kwenye maegesho ya kanisa kama waumini waliochelewa. Wengine walikutwa kando ya barabara, wamevimba, miguu juu.

Majirani walilalamika. Kimutai yeye alinunua jiwe la chumvi akaliweka nyuma ya nyumba, kama mchungaji yeyote wa kwao.

"Baba Whitney, hawa si ng'ombe," Ndeshi alimwambia.

"Ng'ombe ana mwenyewe. Hawa wana nani?"

Lydiah naye alimcheka kwenye simu. "Kaka, umeacha mifugo ya baba ukaja kuchunga ya Wamarekani?"

"Nyamaza wewe. Nyinyi huko Pearland si mna mamba kwenye bwawa la mtaa?"

"Mamba wetu ana adabu. Halambi chumvi ya mtu."

Walicheka wote wawili. Lakini chumvi iliwavuta kulungu, na kuifikia ilibidi wavuke barabara. Kimutai aliliona hilo. Akaanza kuwasubiri kila alfajiri, anaingia katikati ya lami, ananyoosha mikono, anapiga mluzi, anawavusha. Wenye magari waliomzoea walisimama. Siku ile alikuja dereva asiyemzoea.

Lydiah aliendesha gari kutoka Pearland hadi DeSoto bila kufungua redio. Alimkuta Ndeshi ameketi sakafuni na wanawake wa kanisa, na Whitney, binti yao wa miaka tisa, amelala mapajani pake na viatu miguuni. Mchungaji Patroba wa kanisa lao aliomba. Alipomaliza, Ndeshi alimshika wifi yake mkono.

"Mama anataka apelekwe Nandi, alale kando ya baba yenu. Mimi siwezi. Mtoto huyu akimtaka baba yake apande ndege? Zungumza naye wewe. Mimi ni mke tu, tena wa kutoka Moshi. Hatanisikia."

Lydiah alitoka nje na simu. Mama yao alikuwa amekwisha kuchagua mahali pa kaburi, chini kidogo ya zizi.

"Mnamleta lini?"

"Mama, bado tunazungumza."

"Kuna nini cha kuzungumza? Aliendesha vibaya?"

"Hakuwa anaendesha. Alikuwa kwa miguu."

"Kwa miguu anakwenda wapi, huko mnakosema watu hawatembei?"

Lydiah alikuwa amekusudia kusema ni ajali tu, na aishie hapo. Aliona aibu. Aliwaza watu wa kwao watakavyosema, kwamba mtoto wa Fulani alisomeshwa, akavuka bahari, akafa kwa ajili ya wanyama wa porini. Lakini kumdanganya mama akiwa matangani hakuweza. Akamweleza yote, msitu, chumvi, barabara.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza.

"Alikuwa na fimbo?"

"Alikuwa na ufagio, Mama."

"Aliuinua?"

"Jirani anasema aliuinua."

"Na dereva hakuona?"

"Aliona. Huku hawajui maana yake."

Lydiah alisikia mama yake akivuta pumzi, na jogoo akiwika nyuma yake.

"Basi mzikeni huko," mama alisema. "Nilidhani amekufa akizurura kwenye nchi ya watu. Kumbe alikuwa na boma. Sitamwondoa mtu kwenye boma lake. Lakini usiniambie nishukuru, Lydiah. Mungu nitazungumza naye mwenyewe."

Kimutai alizikwa Jumamosi katika makaburi ya DeSoto. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulishika viatu. Mchungaji Patroba alisoma, kwaya ikaimba, na Lydiah akashika simu juu ya kaburi ili mama yake aone. Wafanyakazi wa makaburi walitaka kufukia kwa mashine, kama wafanyavyo huko, lakini wanaume wa kanisa waliomba makoleo, nao wakawapa. Wakafukia kwa zamu. Ndeshi alitupa udongo, kisha Whitney, kisha Lydiah kwa niaba ya mama. Kaburi likajaa. Ndipo mama aliposema kwenye simu, "Lala, mwanangu," akakata simu. Watu walisali sala ya mwisho, wakaweka maua, wakarudi kwenye magari yao.