Juzuu Yangu na Tumbo la Wifi

Katika hitma ya marehemu mama yangu, nyumbani kwetu mtaa wa Malindi, niliinuka mara tatu kwenda chooni. Niliporudi mara ya tatu, juzuu yangu ilikuwa mikononi mwa wifi yangu, dada wa mume wangu, anaimalizia kwa sauti ya mshindi. Nililia kwa hasira. Mama yangu mwenyewe, na juzuu moja tu imenishinda!

Yote yalianza na dawa za kuua bakteria nilizopewa kwa ajili ya kifua. Kifua kilipona, tumbo likafunguka. Kila nikitibiwa linatulia siku chache, kisha lilelile. Udhu wangu ulikuwa haufiki rakaa ya pili.

Tukaenda India, wifi akinisindikiza. Daktari akaeleza kuwa zile dawa ziliua wadudu wema wa tumboni, wale wanaoigeuza nyongo ikamzuia mdudu mbaya asiote. Tiba ni kupandikizwa kinyesi cha mtu mwenye afya, kilichopimwa na kuchujwa. Na aliyefaulu vipimo vyote ni nani? Wifi! Nikasema bora nife.

"Ufe?" akaniuliza wifi. "Juzuu ya mamako hujaimaliza, ukifika huko utamwambia nini?"

Nikampigia simu sheikh wetu, akasema dharura ina hukumu yake. Wakanilaza, wakapitisha mpira wa kukitia tumboni, nikafumba macho.

Siku chache baadaye nilicheka peke yangu chooni kama mwendawazimu. Choo kigumu! Walipokipima, nyongo ilikuwa inageuzwa tena kama ya watu wazima wa afya. Wifi naye akapata la kutangaza mpaka Bububu: "Mheshimuni huyu, mle tumboni nimo miye."

Mwaka ulipozunguka tukamsomea mama tena. Nilitia udhu mmoja, nikaketi mkekani ubavuni kwa wifi, kwa makusudi mbali na mlango. Nikasoma mpaka mwisho, nikaifunga juzuu yangu, nikaibusu. Alhamdulillahi, mama, hii ni yako.

Nikageuka. Wifi alikuwa bado ana kurasa tele, miwani imemteleza puani.

"Lete, wifi, nikumalizie."

"Hujainuka hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akanipa juzuu yake huku anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikaanza pale alipoishia, kwa sauti kubwa kuliko yake.