Sufuria Kumi na Moja za Mama

Shemeji yangu alisema sitaweza. Alisema mbele ya watu, huku akinywa bia niliyomnunulia mimi: "We na diploma yako! Mama ametoka kukatwa titi, nywele zote zimeisha, na unataka kumutembeza Bujumbura kama muzungu?" Ni watu hao hao waliosema nitazeekea Nairobi nikiosha vyombo. Niliviosha miaka minne, nikajilipia shule ya utalii, nikarudi na diploma yenye muhuri, na leo nina magari mawili ya kukodisha. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyefika hapo. Ninalisema mwenyewe kwa sababu nikingoja waliseme wao nitangoja sana.

Mpango wangu ulikuwa hivi: siku tatu mjini, Ijumaa hadi Jumapili, hoteli ya ufukweni, viboko wa ziwani, samaki wa mukeke. Halafu Jumatatu saa mbili asubuhi, daktari. Ingekuwa mara ya kwanza apimwe tangu dawa ziishe, na vipimo hivyo ndivyo vingetuambia kama saratani imeondoka. Mama alikuwa amekataa kwenda mara mbili. Ndiyo maana nikaifunika Jumatatu kwa vakansi.

Ijumaa nilipofika kumchukua kule mlimani, nilimkuta mlangoni amekaa kando ya beseni. Ndani yake mlikuwa na sufuria kumi na moja, zimefungwa kwa kitenge.

"Mama, hoteli ina vyombo."

"Hizi si za kupikia. Ni za watu."

Alipolazwa hospitali ya Kamenge, wanawake wa kanisa la mtaa ule, pamoja na mke wa fundi wa magari kutoka Buyenzi, walituletea chakula kila siku. Sufuria zilibaki kwetu. Kwetu sufuria ya mtu hairudishwi kwa mkono wa mwingine, wala hairudi tupu.

"Mi sitaingia kwa daktari na vyombo vya watu nyumbani," Mama alisema. "Jibu likiwa baya, watasema nimekufa na sufuria zao."

Nikaelewa kwamba sufuria zisipoisha, hakuna Jumatatu.

Mlinzi wa hoteli alitutazama tukishuka. "Papa, munakuja kulala ao kuuza?"

"Kulala."

"Na masufuria?"

"Nayo yanalala."

Msichana wa mapokezi aliyaandika kwenye daftari la wageni, yote kumi na moja, chini ya jina la Mama.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Buterere kununua mchele wa kuzijaza sufuria. Hapo ndipo shida ilipojitokeza: karibu kila mwenye sufuria alikuwa ameitia alama ileile, tone la rangi nyekundu ya kucha. Mama hakujua ipi ni ya nani. Miezi ile hakuweza kumeza kitu.

"Chakula ulikula weye," akaniambia. "Basi weye ndiye unajua."

Ni kweli. Nilikula chote, nikanenepa wakati mama yangu anakonda, na sioni aibu, maana ningekitupa ningewatukana waliokileta. Nilizipanga sufuria juu ya nyasi, nikazitaja moja moja: hii ya maharage ya mawese, hii ya ndagala, vile visamaki vya ziwani, hii ya mboga za lengalenga zenye karanga. Sikukosea hata moja.

Kamenge, mwenye sufuria ya kwanza alimkumbatia Mama, akalia, akatutilia Fanta. Akaumimina mchele wetu ndani ya ungo, akaosha sufuria, akaijaza ndizi za kupika, akanirudishia.

"Apana, mama, sufuria ni yako!"

"Mugonjwa atatokaje kwangu mikono mitupu? Utarudisha siku ingine, mutoto wangu."

Kila nyumba ikawa hivyo. Buyenzi, mke wa fundi alitujazia pilau katika sufuria yake, akaongeza ya pili kwa ajili ya nyama. Wa mwisho naye akaongeza ya mchuzi. Tuliondoka na kumi na moja, tukarudi hotelini na kumi na tatu.

"Papa," mlinzi akauliza, "zimezaa?"

Mama alijilaza kitandani na viatu vyake. "Jumatatu hatuendi," akasema, akageukia ukuta.

Hapo ndipo shule inapojulikana. Mtu akipokea sufuria nyumbani kwake, lazima aijaze. Lakini akiwa mgeni wangu, anakula, anaaga, anaondoka na chombo chake. Jumapili baada ya misa nilituma magari yangu yote mawili, yakaenda na kurudi hadi wanawake wote walipofika ufukweni na vitenge vyao vya kanisani.

Meneja alikuja mbio. "Chakula kutoka nje hakiruhusiwi!"

"Hakijatoka nje," nikamjibu. "Kimelala hapa. Tazama daftari lenu."

Alikwenda kutazama. Aliporudi, aliomba pilau.

Wakala, wakaimba. Mkeka ulipoanza kukunjwa, wawili wakaanza kuvutana sufuria moja, nikalazimika kuamua.

"Hii ni ya lengalenga. Yako, mama, ni ile ya maharage yenye chumvi nyingi."

"Chumvi nyingi? Na ulikuwa unalamba mufuniko!"

"Nililamba, mama."

Walicheka mpaka viboko wakazama. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na chake kichwani, na mke wa fundi akamalizia na zake mbili. Siku hiyo sikubakiwa na deni la mtu yeyote katika mji ule.

Mama alilipindua beseni, akaligonga kwa kiganja, akachungulia chini yake. Halafu akalikalia, miguu ndani ya maji.

"Kesho ni saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi uniamshe mapema. Mi sitaki kupanga mustari."