Miguu ya Bi Mizani

Kama umewahi kulazwa hospitali ukafunikwa shuka kavu, basi kuna mtu wa kumshukuru na huenda hukumwona hata mara moja. Katika hospitali moja kubwa mtu huyo alikuwa mama mfupi, mikono minene, ulimi mkali, na wenzake wote wa chumba cha kufulia walimwita Bi Mizani. Jina lake lenyewe lilibaki kwenye karatasi ya mshahara.

Alikuwa na kazi moja tu, ya mashine ya kukamua. Hiyo ni pipa la chuma lililotobolewa matundu kila mahali, linalozunguka ndani ya pipa jingine. Unatia shuka zinazochuruzika, unafunga mfuniko, unawasha. Pipa likishika kasi, kila shuka inataka kujiendea zake moja kwa moja, lakini ukuta wa pipa unairudisha ndani, basi inalazimika kuzunguka itake isitake. Maji yakikuta tundu hayaulizi mtu, yanatoka. Baada ya dakika saba mzigo ulioinuliwa na watu wawili unabebwa kwapani.

Rahisi, eti? Thubutu. Shida ni pande. Ukizidisha nusu kilo upande mmoja, pipa likiwa kwenye kasi yake yote hiyo nusu kilo inavuta kama watu watatu wazima, tena inavuta ikizunguka, mara huku, mara kule. Ndiyo maana Bi Mizani alipakia kwa kiganja, shuka hapa na mwenzake ng'ambo, blanketi hapa na blanketi kule, akizipima mkononi moja moja. Jina likamkaa.

Halafu mashine ile ilikuwa na mwendo wake wa kucheza. Ukiwasha, mwanzoni imetulia. Ikifika kasi fulani, mzunguko unapatana na mtikisiko wa mashine yenyewe, na hapo inacheza kwelikweli. Ikivuka, inatulia tena, hata kama inakwenda mbio zaidi. Ni sawa na mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kila anaporudi anapaa, ukimsukuma mbiombio bila kumsubiri hafiki popote. Bi Mizani aliiita kasi hiyo "mlangoni". Kila mgeni wa kazi aliambiwa, "Mlangoni hatukai. Tunapita." Mashine ikipita mlangoni kwa kutikisika kidogo, umepakia vizuri. Ikipiga kwa kishindo, zima upesi, fungua, panga upya.

Sasa nikwambie lililomnyima raha. Masikio ya Bi Mizani yalikuwa yamekufa. Miaka ishirini ya pipa lile kuvuma si mchezo, na mwaka wa nne huu alikuwa hasikii mvumo wala kengele wala mtu anayemwita kwa nyuma. Ukisimama mbele yake alikusoma midomo na kukujibu vizuri tu. Hakumwambia mtu kazini, maana alijua kanuni: mwendeshaji wa mashine asiyesikia anaondolewa, anapewa ndoo na tambara la kupigia deki korido. Na Bi Mizani, pamoja na ulimi wote ule, aliogopa korido kama nini sijui. Pale kwenye mashine alikuwa mtu. Korido nani angemwita mizani?

Mashine aliisikia kwa miguu. Kanuni ilisema viatu vya mpira, yeye akavua, akasimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji, akaipa mashine mgongo na kuanza kupanga mzigo unaofuata. Msimamizi, mwanamume mrefu mwenye kalamu sikioni, alimgombeza kila wiki.

"Mama, viatu."

"Vinanibana, baba. Nina sugu."

"Sugu gani isiyopona miaka minne?"

"Njoo uitazame," alijibu Bi Mizani akiinua mguu, na msimamizi akakimbia.

Ugomvi huu ungeendelea hadi wazeeke wote wawili, kama si Spana. Spana alikuwa fundi mpya wa mitambo, mwanamume mpole aliyependa kazi yake kupita kiasi. Aliona mashine inatikisa sakafu mpaka vikombe vya chai vinahama mezani, akasikitika. Jumamosi moja, wafuaji wakiwa mapumziko, aliiinua kwa jeki akaweka mpira mnene chini ya kila mguu. Jumatatu alikuja kuwaonyesha kama bwana harusi.

"Weka chai yako juu ya sakafu," alimwambia msimamizi. "Haitasogea."

Na kweli haikusogea. Kwa kasi kubwa mashine ililia juu ya mipira yake na sakafu ikatulia tuli. Wote wakampongeza. Bi Mizani alipiga makofi pia, lakini chini ya nyayo zake hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kukanyaga godoro. Angesema nini? Angemwambia mtu aondoe kitu kizuri namna hiyo kwa sababu gani? Akajiambia kwamba mikono inatosha.

Mikono ilitosha hadi saa nne. Mzigo wa tatu ulikuwa na mablanketi, na moja lilikuwa limejikunja na kunywa maji kama sifongo. Alilipima vibaya, ndiyo, hata mizani hukosea. Akafunga, akawasha, akageuka. Lakini mipira ile laini ilikuwa imeuhamisha mlango. Mashine sasa ilicheza mapema, ikiwa bado kwenye mwendo wa polepole, tena ilicheza kwa mapana, maana Spana alikuwa ameipa kitu cha kuirukisha bila kuipa cha kuizuia. Pipa likaanza kupepesuka huku na huku kama mlevi. Lilipoyumba hivyo halikupata hata nguvu ya kuongeza kasi, likabaki palepale mlangoni, kila mzunguko ukizidisha mwingine.

Wafuaji walipiga kelele wote, "Zima! Zima!" Bi Mizani alikuwa anahesabu foronya. Kumi na moja, kumi na mbili. Nyayo zilimwambia mambo shwari. Aliyeokoa jahazi ni Redio, mfuaji kijana wa kike aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuzimwa tangu asubuhi hadi jioni. Alikimbia na mikono yenye povu akagonga kitufe chekundu. Bi Mizani alimwona akipita, akageuka, akakuta mashine imegeuka upande, bomba la maji limechomoka, na watu wote wanamtazama yeye.

Msimamizi akaja akasimama mbele yake. "Mama. Hukusikia?"

Angeweza kusema sugu. Alichoka. "Sisikii," alisema. "Mwaka wa nne. Nilikuwa naisikia kwa miguu, na huyu mwanangu kaniwekea mipira. Basi nipeni hiyo ndoo yenu." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa foronya safi, kosa ambalo yeye mwenyewe angemtukania mtu.

Spana alitazama mashine, akatazama nyayo, uso ukamng'aa kama wa mtu aliyeuziwa kitu kizuri kwa bei ya bure. Alileta jeki, akaiweka mashine sawa, akarudisha bomba, akatoa mipira yote minne, akamwomba Bi Mizani asimame alipozoea, uso ukutani. Akapakia mwenyewe, akawasha.

"Umejitahidi," alisema Bi Mizani mashine ilipovuka mlango. "Upande mmoja umezidi kidogo, lakini iache."

Spana akazima, akachomeka taulo bichi upande mmoja, akawasha tena.

"Zima. Umetia kitu. Si blanketi, ni taulo au aproni."

Mara ya tatu Spana alisimama tu, mikono nyuma. Ikapita nusu dakika.

"Hujawasha," alisema Bi Mizani kwa ukuta. "Usinichezee, mimi mtu mzima."

Chumba kizima kikacheka. Msimamizi hakucheka; alitoa kalamu sikioni na daftari la hitilafu, akaandika kwa muda mrefu. Bi Mizani aliitazama ile kalamu.

"Nimeandika mipira itolewe," alisema msimamizi, akimkabili. "Spana afunge taa nyekundu pale ukutani unapotazama, na kitufe cha kuiwasha taa hiyo kwenye kila beseni la kufulia, na kifaa cha kuizima mashine yenyewe ikiyumba. Mwendeshaji anabaki."

"Na masikio?"

"Nimeyaandika pia. Utapanda kwa daktari wa masikio, ghorofa ya pili, hapa hapa, kwa watu unaowakamulia shuka. Mwaka wa pili nasubiri uniombe ruhusa, unaniletea sugu."

Bi Mizani alimtumbulia macho. "Ulijua?"

"Tunajua sote, shangazi," alisema Redio. "Kwani nani anaongea na wewe kwa nyuma?"

Kwanza alifurahi. Halafu hasira ikampanda, hasira ya haki kabisa. "Mna roho mbaya nyie. Miaka minne nawachekea vichekesho vyenu sisikii hata kimoja!"

"Hilo nalo tulijua. Ulikuwa unacheka kabla hatujamaliza."

"Na mkaniacha?"

"Tulifikiri hutaki tujue."

Alishika mkono wa Redio, ule wenye povu, akauminya. Kisha akamwambia asimame vizuri mbele yake, kwenye mwanga, asifunike mdomo, amwambie kimoja kile walichokicheka sana. Redio akasimulia polepole, neno kwa neno, kile cha daktari na mgonjwa aliyemeza ufunguo, chumba kizima kikisubiri. Bi Mizani akaifuata midomo yake hadi mwisho, akafikiri.

"Hicho tu?" alisema. "Na mimi nilijichekesha mpaka mbavu zikauma."