Macho ya Nasambu na Kompaila Mpya

Mke wangu Nasambu alikuwa mtu wa kompyuta. Majirani wa ploti yetu Kawangware walidhani anapiga taipu tu. Alianza hivyo, halafu akafundishwa kazini, huko mjini. Mimi sikusoma. Nasema, Sella wa mlango wa pili anaandika.

Mwaka wa themanini na tisa, ugonjwa wa sukari ulianza kumla macho. Hakuambia mtu ofisini. Wakati huohuo wakaleta kompaila mpya. Hiyo ndiyo inasoma ulichoandika, iifanye kompyuta ikielewe. Ya zamani ilikuwa mpole. Mpya ilikataa programu yake ya bili za maji.

"Imekataa wapi?" nikamuuliza.

"Pale ninapofunga, Baba Nekoye. Ndani kuna sehemu za kufungua na kufunga, kama milango. Nikifunga, naandika jina la mlango kando, nisipotee. Ya zamani ilikuwa inalipita tu. Hii inauliza hilo jina linataka nini hapo."

"Si ufute."

"Atakayenifuata atapotea. Nitalizungushia alama, ilipite."

Bosi wake, Kihara, alimpa mpaka Ijumaa. Akijua habari ya macho, basi, kazi imeenda.

Akaja nyumbani na programu yake imechapwa kwenye karatasi, zile ndefu zilizoshikana, zenye matundu kandokando. Tukazitandaza kitandani mchana, mlango wazi. Akanishika kidole, akakiweka juu ya alama moja: vijiti viwili vimesimama, viwili vimelala, kama dirisha la chuma.

"Kila mstari unaoanza na hiyo, nionyeshe."

Nikawa natafuta. Nikipata, anainama mpaka pua inagusa karatasi, anasahihisha kwa kalamu nyekundu.

"Unaenda polepole kama mtu anachagua mawe kwa maharagwe."

"Maharagwe nayajua. Haya siyajui."

Baadaye akasema, "Umeruka moja, mzee."

"Umeonaje na huoni?"

"Kuna mlango nimefungua haujafungwa."

Nikarudi nyuma. Ilikuwa kwenye mkunjo wa karatasi. Tulicheka siku hiyo.

Ijumaa nilimsindikiza. Askari akanizuia getini. Kuandika hakukumsumbua, vidole vyake vilizoea taipu. Yaliyotokea ndani nimeambiwa na Wakoli, aliyekaa naye meza moja. Nasambu aliandika masahihisho yote, akaiambia kompaila isome. Akangoja. Kihara alikuwa amesimama nyuma yake.

"Wakoli, imesema nini?" Nasambu akauliza.

"Haijasema kitu, mama."

Kompaila ikikubali, hunyamaza. Kioo kilikuwa kitupu, na yeye hakukiona.

Kihara akainua vidole mbele ya uso wa Nasambu. "Hivi ni vingapi?"

Nasambu alitoka getini na mfuko wake kabla ya saa ya chakula.

"Imekubali?" nikamuuliza.

"Imekubali."

"Sasa unalia nini?"

"Niliuliza, Baba Nekoye. Ningenyamaza nayo."

Kodi ya Kawangware ikatushinda. Tukahamia Kibera, huku Silanga. Zile karatasi tulizibandika kwa ukuta wa udongo, zizuie upepo. Macho yakaisha kabisa. Jioni alikuwa anasema, "Nionyeshe dirisha." Sasa mimi ndiye namshika kidole, nakiweka hapo. Ilikuwa hivyo mpaka mvua za Aprili zikamchukua.

Wakoli alikuja matanga. Akaniambia programu bado inatoa bili, na majina ya milango yapo vilevile, yeye huyafuata asipotee.

Nikamshukuru. Huku tunanunua maji kwa mtungi. Bili yenyewe sijawahi kuiona.