Bugi Mbele ya Mama Mkwe

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa umri alionipa, na kwa sauti aliyoniachia ambayo hata leo naadhinia. Lakini sauti hiyo hiyo, nilipokuwa kijana, niliitumia kuimba katika bendi ya dansi, na siku moja huko Rutamba ilinitia aibu ambayo miaka haijaiondoa.

Tulikuwa tukizunguka vijiji vya ujamaa vya Lindi kwa lori, sisi na vyombo vyetu tumebanana nyuma. Rutamba nilikuwa nimeoa, na kwa desturi ya huko mke wangu alikaa kwa mama yake. Bugi, yaani dansi la alasiri, lilipigwa mbele ya ghala la korosho. Kiongozi wetu, mtu wa bara asiyejua mila za kwetu, alitaka kuwaheshimu wazee. Akawaita akina mama waliosimama nyuma waje kwenye benchi la mbele. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Mbele yake huli, wala hupanui kinywa. Na mimi nilikuwa naimba mapenzi. Nikageuka, nikauimbia ukuta wa ghala.

“Bwana, hizo korosho zimelipa kiingilio?” kijana mmoja akauliza, watu wakacheka.

Kiongozi akanisogelea. “Geuka.”

“Mkwe wangu yupo, kaka.”

“Mwimbaji mwenzako ana homa, nimebaki na wewe tu. Ukiuimbia ukuta wimbo mwingine, lori litakwenda Lindi bila wewe.”

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwavisha mke wangu na huyo mama yake. Hata hivyo shingo ilikataa kugeuka.

Sijui kama mama alisikia au alielewa tu. Alijifunika khanga hadi usoni, akawaambia wenzake kwa sauti, “Jamani, kuku wangu watamaliza mtama wa jirani,” akaondoka. Alikuwa mtu wa ngoma tangu usichana wake, na bendi ilikuwa haijawahi kufika kijijini pale. Nikageuka. Watu walitimua vumbi mpaka magharibi ikakaribia, kiongozi akanipigapiga begani, nami nikajiona kama mtu aliyemnyang’anya mzee sahani yake.

Kabla ya lori kuondoka nilikwenda kumwamkia. “Shikamoo, mama,” nikasema nikiwa uani, nimeupa mlango kisogo.

“Marahaba, mwanangu,” akajibu kutoka ndani. Kisha akauliza, “Ule wimbo wa mwisho ulikuwa unasemaje? Upepo uliuchukua.”

Kumwimbia nisingeweza. Nikamnong’oneza mke wangu maneno, naye akayapeleka ndani mstari mmoja mmoja, makavu, bila mahadhi. Mama akawa anaitikia tu, “Enhe. Enhe.”