Makaa ya Mke Mkubwa

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mke mkubwa alipiga magoti mbele ya mafiga na kuulaza moto. Alisukuma kisiki kigumu katikati, akakizungushia makaa, kisha akayafukia kwa majivu na kuyashindilia kwa kiganja, polepole, bila kuacha upenyo. Vidole vyake vilishakuwa sugu, joto halikumwambia kitu. Alfajiri aliyafukua, akapuliza kidogo tu, na moto ukaamka. Ndipo mke mdogo, ambaye wa kwake ulizimika kila usiku, alipokuja kupiga hodi na kigae mkononi. "Dada, naomba moto." Alipewa, bila maneno mengi.

Asubuhi moja aliyepiga hodi alikuwa mume wao, ambaye hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu harusi ya pili. Mke mkubwa alijifunga kitambaa upya kichwani, akamvutia kigoda. Mume hakuketi. Alinyoosha kigae.

"Nimetumwa moto. Mwenzio hajiwezi leo, mimba inamsumbua."

Kukosa mimba ndiko kulikomletea mke mkubwa huyo mwenzake. Alichagua kaa jekundu kuliko yote, akaliweka kigaeni kwa vidole.

"Mpe pole," alisema, kwa sauti yake ya siku zote.

Mume akatoka haraka, kaa lisije likamzimikia njiani. Mke mkubwa akainua ndoo ya maji, akaimwaga yote mekoni, akasimama ndani ya mvuke mpaka mafiga yakanyamaza.