Tonge la Kwanza la Pendo

Harufu ya kimea cha mtama kilichoanikwa juani ikinipita puani, hata leo mjukuu ananiita bibi, kinachonijia kwanza si pombe. Ni wivu. Ule wivu wa kitoto.

Mama yangu alikuwa na kilabu cha pombe pale Ihanja, kando ya barabara kuu. Miaka ya foleni za sukari kilikuwa kibanda tu chenye mapipa na magogo ya kukalia. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, malori yakaongezeka, wanunuzi wa alizeti wakajaa, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kulala, akaezeka chumba cha mbele kwa bati, akaweka meza zenye vitambaa vya nailoni na kuanza kuuza chakula cha mchana: ugali na kuku wa kienyeji. Mbele walikaa walaji. Nyuma ilipikwa pombe, na huko nyuma ndiko nilikokuwa mimi, na moshi na machicha yangu ya pombe.

Baba wakati huo alishahamia Singida mjini kwa mke wake wa pili. Kila siku ya mnada alikuja kununua alizeti, na alikuja na Pendo, binti yake kwa huyo mama mdogo, niliyempita mwaka mmoja tu. Jamani, Pendo! Gauni la mtumba lenye marinda, soksi nyeupe, soda mkononi. Gauni na soda ningemsamehe. Kilichonichoma ni mama yangu mwenyewe.

Mama alimkalisha mezani, akamnawisha mikono. Kisha akakata tonge kwenye sahani ya Pendo, akalichovya kwenye mchuzi wa Pendo, akanyofoa na kipande cha paja la kuku wa Pendo, akala taratibu. Ndipo akasema, "Haya mwanangu, kula." Mwanangu! Nami nachungulia mlangoni na mwiko mkononi. Mimi mama hakuwahi kunionjea chochote. Sahani yangu aliisukuma kwenye jiwe karibu na mapipa, akasema nile upesi machicha yananisubiri, akanipa mgongo.

Pombe niliielewa. Kwetu haimfikii mteja mpaka muuzaji apige funda la kwanza mbele yake, aonekane amemeza. Nililiona hilo kila siku, la kawaida kama kunawa. Lakini hiyo ni pombe. Kichwani mwangu, tonge lile la mezani lilikuwa mapenzi matupu, na mapenzi yenyewe yalikuwa yangu, yameibwa. Nilimwombea Pendo tetekuwanga. Hakuugua, akazidi kunawiri.

Siku moja ya mnada nikashindwa. Nikabeba sahani yangu, nikapita katikati ya wateja, nikaiweka mbele ya mama. Baba alikuwepo, na Pendo na soda yake.

"Mama, na yangu onja."

Wateja wakacheka. Mama hakucheka. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Yako niionje ya nini? Nenda kale."

Baba akainamia ugali wake. Mimi nikarudi nyuma, nikawamwagia kuku chakula chote, nikalia mpaka kwikwi.

Mama ameshatangulia. Mwaka juzi nilikuwa namwoza kijana wangu, na Pendo akaja mapema kunisaidia kupika. Tulikaa uani tunamenya vitunguu, jirani ameanika kimea chake, ile harufu ikanichokoza. Nikaanza kumtania kwamba aliniibia mama mchana kweupe, mbele ya watu. Nilitegemea acheke. Akaweka kisu chini.

"Dada, kumbe hukujua? Kila tukitoka nyumbani mama yangu alikuwa ananishika sikio, ananionya: Usiguse chakula cha yule mwanamke mpaka umwone ameonja, na amemeza. Na mama yako alijua. Hakungoja kuambiwa."

Nikamwona mama yangu, ndani ya kilabu chake mwenyewe, kila mnada, mbele ya mumewe na wateja wake, akimeza tonge kuwathibitishia kwamba yeye si muuaji wa watoto. Na bado akamwita yule mtoto mwanangu. Uchungu nilioupata hapo haukuwa wa kitoto tena.

"Nilikuwa nakuchungulia kule nyuma," Pendo akaendelea, "umekaa kwenye jiwe lako, unakula tu. Hakuna anayekutazama mdomoni. Nilikuonea wivu, dada, we acha."

Yako niionje ya nini? Neno hilo nilikuwa nimelibeba miaka yote kama kofi.

Mchana ulipofika nikampakulia Pendo ugali na kuku, nikamsukumia sahani, nikamwambia ale upesi vitunguu vinatusubiri. Kisha nikampa mgongo. Nikamsikia ananawa, akaanza kula.